Kusihi, Kuuliza, Kudai: Sauti ya Raia katika Fasihi ya Kiswahili ihusuyo Uongozi

UTANGULIZI

Uongozi mwema ni jambo lililowashughulisha sana waandishi wa Kiswahili, wa kale na wa sasa. Kabla vyama vya siasa havijaundwa katika Afrika ya Mashariki, na kabla maneno kama 'utawala bora' na 'uwajibikaji' hayajaingia katika hotuba za kila siku, washairi wa pwani walikuwa wamekwisha kuwaonya wakubwa juu ya kiburi, dhuluma na ufupi wa dunia. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unauelekeza moyo wa mtunzi kwenye magofu ya Pate ili uone mwisho wa fahari. Muyaka bin Haji wa Mombasa naye alizitia siasa za mji wake katika mashairi, akayatoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni na barazani. Mapokeo hayo ndiyo yaliyorithiwa na waandishi wa karne ya ishirini.

Hata hivyo, ukiyachunguza mapokeo hayo utaona kuwa jicho lake hukaa juu ya mtawala. Mtawala husifiwa au huonywa, na pengine hutishwa kwa mauti na hukumu ya Mwenyezi Mungu. Wahakiki nao wamefuata njia hiyo hiyo. Uhakiki mwingi wa riwaya na tamthilia za kisiasa umekuwa ni kazi ya kuorodhesha sifa za mtawala mbaya na kuzilinganisha na zile za mtawala mwema. Swali ambalo halijapewa haki yake ni hili: katika maandishi haya raia yuko wapi? Ananena kwa sauti gani, na anenapo anamchukulia mtawala kuwa nani kwake?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuzipitia kazi chache zilizotungwa Tanzania na Kenya tangu mwaka 1951. Hoja yake ni kwamba sauti ya raia katika fasihi hiyo inaweza kutambuliwa kwa vitenzi vitatu: kusihi, kuuliza na kudai. Kila kimojawapo kina uhusiano wake kati ya msemaji na mwenye madaraka, na kila kimojawapo kimepata umbo lake la kifasihi. Baada ya hapo makala yataitazama Bunge la Mwananchi, baraza ya raia wa kawaida jijini Nairobi, ili kuonyesha kuwa vuguvugu la raia limekwisha kwenda mahali ambapo fasihi na uhakiki wake havijafika sawasawa.

MSAMIATI WA UONGOZI

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa yanabeba historia ambayo watumiaji wake aghalabu hawaikumbuki. Neno 'raia' limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni katika maana ya kuchunga: raia ni kundi lichungwalo, na mtawala ndiye mchungaji. Neno 'serikali' limetokana na Kiajemi, nalo limeundwa kwa maneno mawili yenye maana ya kichwa na kazi, yaani mkuu wa shughuli. Maneno haya mawili yakiwekwa pamoja huleta picha moja iliyokamilika: huku kuna kichwa, na huku kuna kundi. 'Mwananchi' ni neno la namna nyingine. Limeundwa kwa mizizi ya Kibantu, na ndani yake mna madai ya nasaba. Mtu ni mwana wa nchi kama alivyo mwana wa baba yake, na mwana ana sehemu katika urithi. Tofauti hii haikuwapotea wanasiasa wa wakati wa kupigania uhuru, ambao hotubani waliwaita watu wao wananchi.

Kitenzi 'kuongoza' nacho chastahili kuangaliwa. Ni ndugu wa -ongoa na -ongoka, na mtu aliyeshika njia ya haki huitwa mwongofu. Kuongoza, basi, kwa asili yake ni kumfanya mtu au jambo lishike njia iliyonyooka. Kwa hiyo, uadilifu hauhitaji kuongezwa juu ya uongozi kama kitu cha nje. Umo katika mzizi wa neno. Msemo 'uongozi mwovu' una mgongano ndani yake, ijapokuwa mazoea yametufisha masikio tusiusikie.

Neno 'uwajibikaji' ndilo lenye matatizo makubwa zaidi. Limejengwa juu ya 'wajibu' pamoja na kiambishi cha hali, -ik-. Ni sifa ya kiambishi hicho kwamba humficha mtenda: 'kikombe kimevunjika' haisemi aliyekivunja ni nani. Vivyo hivyo, 'kiongozi awajibike' haisemi awajibike kwa nani, wala nani atakayemwajibisha. Nchini Tanzania kitenzi hiki kimepata hata maana ya kujiuzulu, yaani tendo alifanyalo kiongozi mwenyewe kwa hiari yake. Lugha ina uwezo wa kusema zaidi ya hayo. Yasemwa 'wananchi wamwajibishe kiongozi', na hapo mtenda hujitokeza. Lakini istilahi iliyoshika mizizi katika hotuba na vitabu vya shule ni ile iliyomficha. Hili si jambo dogo. Istilahi isiyo na mtenda humfundisha msomaji kungoja.

Mfano wa kulinganisha unapatikana katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio hilo liliwawekea viongozi wa chama na serikali masharti ya wazi: wasiwe na hisa katika makampuni, wasiwe wakurugenzi wa makampuni ya watu binafsi, wasipokee mishahara miwili au zaidi, wasiwe na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalijulikana kwa jina la miiko ya uongozi. Uteuzi wa neno ulikuwa wa busara, kwa maana kila mtu aliyelelewa katika jamii ya Kiafrika alijua mwiko ni nini. Lakini neno hilo lilikuwa na upungufu wake. Mwiko ukivunjwa huadhibu wenyewe, au huadhibiwa na wale walio juu; haumpi jirani idhini ya kumshtaki aliyeuvunja. Chama kilichoiweka miiko ndicho kilichoilegeza mjini Zanzibar mwaka 1991, na mwananchi wa kawaida hakuwa na chombo cha kuizuia isilegezwe. Upande wa Kenya mambo yalikwenda kinyume mapema zaidi: Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliwaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao huku wakiwa kazini. Nchi mbili zilizotumia lugha moja zilichagua njia mbili, na katika zote mbili uamuzi ulikatwa juu.

KUSIHI: KARAMA MBELE YA MFALME

Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1951, miaka mitatu kabla ya kuundwa kwa TANU. Kisa chake kinajulikana na kila mwanafunzi wa fasihi. Katika nchi iliyoning'inia angani, Karama anashtakiwa na Majivuno, waziri mwenye nguvu, kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Anapewa nafasi ya kujitetea mbele ya mfalme na baraza lake, naye anaitumia kueleza visa vya wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote za ulimwengu kutafuta mambo mema ya kuiendeleza nchi, na ambao waliporudi hawakupewa shukrani bali kifungo. Mwishoni mfalme anashawishika, Karama anaachiliwa, na wafungwa wanapata haki yao.

Wahakiki wengi wameisoma kazi hii kama istiari ya utawala wa kikoloni, na hapana shaka kwamba wamesoma sawa. Baadhi yao wamemlaumu mwandishi kwa kuyatatua matatizo ya nchi nzima kwa huruma ya mtu mmoja. Lawama hiyo ina msingi. Usemi wa Karama ni usemi wa kusihi. Una adabu, una hoja, una mifano, lakini unaelekezwa juu, na nguvu ya kuukubali au kuukataa imo mikononi mwa aliye juu. Angalikuwa mfalme na moyo mgumu kidogo, kitabu kingalikwisha kwa kitanzi. Ushindi wa Karama, kwa hiyo, haumpi msomaji njia ya kufuata. Unampa matumaini ya kupata msikilizaji mwema.

Hata hivyo, lawama hiyo imekitazama kitabu kwa upande wa hukumu tu, ikaliacha shtaka. Kosa la Karama si kumtukana mfalme wala kukusanya silaha. Kosa lake ni kutaka watu waijue sheria. Majivuno ameelewa jambo ambalo wahakiki wamelipita haraka: elimu ya sheria ikienea, kila mtu aweza kuwa mshtaki, na cheo cha yule aliyezoea kushtaki peke yake hupungua. Katika shtaka hilo mna mbegu ya vuguvugu la raia. Ni vuguvugu lisilo na jeshi wala chama, ambalo chombo chake ni kujua haki na kuzitamka hadharani.

Tatizo la kifani ni kwamba mbegu hiyo haikui ndani ya kitabu. Wanafunzi wa Karama hawapewi nafasi ya kunena. Kila kilicho chema katika Kusadikika hupita kwenye kinywa cha mtu mmoja, na wajumbe sita wenyewe husikika kwa kuwa yeye amewasimulia. Umbo la kesi, lenye mshtaki, mshtakiwa na hakimu, halina kiti cha raia ila kile cha msikilizaji. Haya ni mipaka ya wakati wa mwandishi. Mwaka 1951, mtumishi wa serikali ya kikoloni asingaliweza kuchapa kitabu ambamo wasikilizaji wanainuka na kumkata kauli hakimu. Kuutambua mpaka huo si kumvunjia heshima Shaaban Robert, bali ni kujua kazi aliyowaachia waliokuja baada yake.

KUULIZA: KENYA TWENDAPI?

Mwezi wa Novemba 1968 kijikaratasi chenye jina Kenya: Twendapi? kilisambazwa Mombasa. Mwandishi wake, Abdilatif Abdalla, alikuwa kijana mfuasi wa Kenya People's Union, chama cha upinzani kilichokuwa kimeundwa mwaka 1966 chini ya Oginga Odinga. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa uchochezi. Katika mwaka huo huo chama chake kilipigwa marufuku. Mashairi aliyoyatunga gerezani, mengine akiyaandika juu ya karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Tuzo hiyo ilikuwa na jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Historia hiyo imesimuliwa mara nyingi. Kisarufi, jina la kijikaratasi lenyewe lina jambo ambalo halijaangaliwa vya kutosha. Mwandishi hakusema 'Mwatupeleka wapi?', swali ambalo lingaliwaweka viongozi upande mmoja na wananchi upande wa pili. Alisema 'Twendapi?', na kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi kinamkusanya muulizaji, msomaji na mtawala katika chombo kimoja. Kwa kufanya hivyo anakataa mambo mawili kwa pamoja. Anaukataa uraia wa kundi lichungwalo, maana aliye kundini haulizi njia. Anakataa pia kujivua dhamana, maana aliyesema 'twenda' amekiri kuwa naye yumo safarini. Swali la namna hii ni zito kuliko tusi. Tusi laweza kupuuzwa kwa kuwa limetoka kwa adui; swali la mwenzi wa safari hudai jibu. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kusihi na kuuliza. Asihiye hukubali kuwa jibu ni hisani, na aulizaye huchukulia kuwa jibu ni deni.

Wazo hilo hilo linapanuliwa katika Sauti ya Dhiki kwa njia ya mafumbo. Katika shairi la 'Mnazi', ndugu wawili wanashindana kwa malumbano juu ya mti na matunda yake. Mmoja yuko juu anaangua na kula. Mwingine yuko chini na anataka kujua kwa haki gani. Kwa kuwa ni majibizano, shairi halina hakimu. Hakuna mfalme wa kukata shauri kama ilivyo Kusadikika. Hoja zinakabiliana zenyewe, na msomaji ndiye anayeachiwa mizani. Zaidi ya hayo, wanaogombana ni ndugu. Swali si nani mgeni na nani mwenyeji, kama lilivyokuwa zama za ukoloni. Ni kwa nini mwana mmoja wa nchi ale peke yake ilhali urithi ni wa wote. Maana iliyojificha ndani ya neno 'mwananchi' imepata hapa umbo lake kamili la kishairi. Lahaja ya Kimvita na arudhi za mapokeo, ambazo wengine walidhani zimefungwa katika mambo ya kale, zilithibitika kuwa na uwezo wa kubeba mjadala mkali wa kisiasa.

Pamoja na ubora wote huo, sauti inayouliza katika diwani hii ni sauti ya mtu mmoja aliyejitenga, kwa sababu alitengwa. Dhiki ni yake, msimamo ni wake, na ukuta ulio mbele yake ni wa chumba chake. Raia wengine wako nje ya ukuta. Mshairi anawanenea lakini hawasikii mpaka kifungo kiishe.

KUDAI: KILIO CHA HAKI NA KIFO KISIMANI

Katika tamthilia, kwa kuwa ni sanaa ya watu wengi jukwaani, ndimo sauti ya pamoja ilipopata nafasi. Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui ilichapishwa mwaka 1981. Mwaka uliofuata mwandishi wake, aliyekuwa mhadhiri, aliwekwa kizuizini bila ya kufunguliwa mashtaka. Mchezo wenyewe unahusu wafanyakazi wa shamba la mlowezi, Delamon, na mwanamke aitwaye Lanina anayewaongoza kutetea haki zao. Hapa kitenzi si kusihi wala kuuliza. Wafanyakazi wanadai. Dai lina mtu anayedaiwa, lina kiasi kinachojulikana, na lina tendo litakalofuata lisipotimizwa, yaani mgomo.

Jambo la maana zaidi katika mchezo huo ni kwamba Lanina anapigana pande mbili. Mbele yake yuko mwajiri. Nyuma yake wako wenzake, na miongoni mwao wamo wanaume wasiokubali kwamba mwanamke aweza kuongoza. Kwa njia hiyo mwandishi anaonyesha kuwa wanaodai haki si malaika, na kuwa vuguvugu la raia lazima lijisahihishe lenyewe huku likimsahihisha mtawala. Funzo hili halimo Kusadikika, ambamo walio wema ni wema na walio waovu ni waovu, kama majina yao yanavyotangaza.

Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyotoka mwaka 2001 na kusomwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari za Kenya, inaendelea mbele kutoka hapo. Katika Butangi, chini ya Mtemi Bokono, maji ya visima yamekuwa mali ya utawala. Mwelusi anawaongoza wenzake kudai kisichostahili kuombwa, maana maji ni uhai. Anauawa na ndugu yake mwenyewe, Gege, aliyerubuniwa kwa ahadi za ikulu. Lakini kifo chake hakiyakomeshi mapambano. Huu ni uamuzi wa kifani wenye uzito mkubwa. Katika Kusadikika, Karama akifa kila kitu kimekwisha, kwa kuwa yeye ndiye msemaji wa pekee. Katika Butangi, mtu anaweza kuondolewa na dai likabaki, kwa sababu dai lilikuwa la wengi tangu mwanzo.

Walenisi ya Katama Mkangi, riwaya ya mwaka 1995, imechukua njia ya peke yake. Mwandishi wake aliwahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, na mwaka 1997 aligombea urais wa Kenya. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anafika katika nchi ambayo jina lake likifunguliwa husomeka 'wale ni sisi'. Ndani ya jina hilo ule mpaka wa 'wao' watawala na 'sisi' watawaliwa umefutwa kabisa. Ni wazo lenye nguvu, lakini riwaya inamfikisha msomaji mwisho wa safari bila ya kumwonyesha njia yote. Jamii njema tayari imejengwa. Jinsi watu wa kawaida wanavyojengana kuifikia hakuonekani kwa ukamilifu ule ule. Kwa hiyo Walenisi yafaa isomwe pamoja na Kifo Kisimani: moja inaonyesha mahali pa kwenda, na nyingine gharama ya nauli.

BARAZA YA BUSTANINI

Wakati fasihi ikipita hatua hizo, raia nao walikuwa wakitafuta umbo la kunenea. Jijini Nairobi, tangu miaka ya 1990, watu wa kawaida wamekuwa wakikutana katika bustani ya Jeevanjee kujadili bei za vyakula, ardhi, polisi, bajeti na mwenendo wa viongozi. Mkutano huo ukaja kuitwa Bunge la Mwananchi. Mahali penyewe pana historia. Bustani hiyo ilitolewa na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906 iwe ya watu wa mji, na mwaka 1991 mpango wa kuijengea majengo ya biashara ulipingwa na wakazi wakiongozwa na mjukuu wake, Zarina Patel. Ulikuwa wakati ambapo maeneo ya wazi ya jiji yalikuwa yamegeuka kuwa uwanja wa hoja za utawala. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikuwa amepinga ujenzi wa jengo refu katika bustani ya Uhuru, na mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa humo wakidai wana wao waachiliwe.

Jina 'Bunge la Mwananchi' lastahili kuhakikiwa kama linavyohakikiwa jina la kitabu. Nusu yake ya kwanza imechukuliwa kutoka kwa dola, na kwa kulichukua neno hilo watu wa bustanini wanasema kuwa bunge lile jingine limeiacha kazi yake. Ni kejeli, lakini ni kejeli yenye heshima ndani yake. Hawakulikataa bunge, walilitwaa. Nusu ya pili ni umoja: si 'wananchi' bali 'mwananchi'. Kwa kawaida hotuba za wakubwa hutaja wananchi kwa wingi, na katika wingi huo mtu mmoja hapati sura. Umoja huu unasema kuwa yeyote aliyeketi juu ya benchi ni mwenye bunge.

Umbo lenyewe la kukutana si geni. Pwani, baraza ni benchi la mawe mbele ya nyumba, mahali ambapo watu hukaa na kulumbana baada ya sala ya alasiri, na ndipo lilipokulia shairi la Muyaka. Bara, wakati wa ukoloni, neno hilo hilo lilipewa maana nyingine: baraza la chifu, ambapo watu huitwa, hukalishwa chini ya jua na kutangaziwa amri. Katika neno moja mna mapokeo mawili yanayopingana, moja la majibizano na moja la matangazo. Bustani ya Jeevanjee, pengine bila ya watu wake kulijua jambo hilo, imeirudisha baraza kwenye maana yake ya kwanza. Hakuna anayesihi humo, kwa kuwa hakuna mfalme wa kusihiwa. Huulizana, hubishana, na mara nyingine hudai: mwaka 2011 Bunge la Mwananchi lilikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kutaka bei ya unga ipunguzwe.

Katiba ya mwaka 2010 imeyapa madai ya namna hii msingi wa sheria. Kifungu chake cha kwanza kinawapa wananchi mamlaka yote, na Sura ya Sita inahusu uongozi na maadili, ikiyaeleza madaraka ya afisa wa serikali kuwa ni dhamana aliyowekewa na umma. Neno 'dhamana' limekuja kwa wakati wake. Mwiko huvunjwa, adili hupotoka, lakini dhamana ina mwenyewe, naye aweza kuirudisha mikononi mwake. Sheria imelitamka neno; kulitia nguvu ni kazi ya wale walioitwa wenyewe.

Matukio ya mwezi wa Juni 2024 yameleta swali jipya. Vijana walioupinga Mswada wa Fedha, mpaka rais akakataa kuutia saini siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni na wengine wao kupigwa risasi na kuuawa, waliyaeleza mapambano yao kuwa hayana kabila, hayana chama, na hayana kiongozi. Sifa hiyo ya tatu ndiyo inayouhusu uhakiki. Fasihi iliyojadiliwa hapo juu, hata pale inapofika mbali, ina Lanina wake na Mwelusi wake. Bado haijapatikana kazi iliyokubalika kuwa kielelezo cha vuguvugu lisilo na mtu wa kutajwa jina.

HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kuwa sauti ya raia katika fasihi ya Kiswahili ihusuyo uongozi imepita hatua tatu, na kuwa kila hatua ina umbo lake: kesi mbele ya mfalme kwa kusihi, malumbano ya kishairi kwa kuuliza, na tamthilia ya watu wengi kwa kudai. Hatua hizo hazifutani. Mwandishi wa leo bado aweza kusihi, na yako mambo ambayo hayana budi kuulizwa kabla hayajadaiwa. Lakini mhakiki asiyezitofautisha atawapa wanafunzi wake picha iliyopungua.

Upungufu huo unaonekana wazi katika madarasa. Mwanafunzi huulizwa aeleze sifa za kiongozi bora kwa kurejelea tamthilia au riwaya aliyoisoma, naye hujibu kwa orodha: ni mkweli, ni jasiri, anawapenda watu wake. Anapata alama zake na kwenda zake. Hakuulizwa waliokuwa wakiongozwa walifanya nini, wala nani alimwajibisha aliyekosea, wala kama wangaliweza kuendelea bila ya mtu yule mmoja. Vizazi kadhaa vya wasomaji vimefundishwa hivyo kumtafuta Karama, na wasipompata wakakata tamaa. Maswali ya mitihani yakibadilika, usomaji utabadilika, na si usomaji wa vitabu peke yake.

Idara za lugha zina kazi ya pili. Lugha inayozungumzwa katika baraza za raia, Jeevanjee na kwingineko, ni hazina ya methali, kejeli, istilahi na mbinu za kujibizana ambayo haijakusanywa ipasavyo. Mashairi ya Muyaka yalinusurika kwa kuwa walikuwako waliojitaabisha kuyaandika kutoka vinywani mwa watu. Maneno ya bustanini yanastahili taabu hiyo hiyo, wakati wasemaji wake wangali hai na wangali na jambo la kusema. Methali yasema kuuliza si ujinga. Raia wamekwisha uliza, na wengine wao wamelipia swali hilo kwa miaka ya gerezani. Linalobaki kwa mwanachuoni wa Kiswahili ni kuhakikisha kuwa swali limeandikwa kama lilivyoulizwa.